Jino la mwisho likikuuma Dodoma: usukutue, umeze vidonge, usafishwe au ung'oe?

Binti wa kaka yangu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mwaka wa tatu. Usiku mmoja alinipigia saa nne na ushee, sauti imebanwa kama mtu anayeongea na pipi mdomoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona hivyo?"

"Jino la mwisho, shangazi. Mwenzangu mmoja hapa chumbani anasema kesho asubuhi ning'oe. Mwingine anasema nisukutue chumvi litapita. Wa tatu ameniletea vidonge vya rangi mbili. Nifanye lipi?"

Nilimjibu ovyo. Nilimwambia ameze Panadol alale, tutaongea kesho. Panadol haikuwa kosa. Kosa ni kwamba sikumuuliza swali hata moja, na mimi njia zote hizo nimezipitia, kwa magego yangu mawili ya chini. Kwa hiyo haya hapa ndiyo majibu niliyopaswa kumpa usiku ule, na kila aliyekwama alipokwama yeye.

Unaumwa nini hasa?

Meno haya, ambayo wengine huyaita meno ya akili, huchomoza mara nyingi kati ya miaka 17 na 25. Mtu mzima mwenye meno kamili ana 32, na manne kati ya hayo ndiyo haya, moja kila pembe ya mwisho ya taya. Wapo wasioyaota kabisa. Wapo yanayowatoka bila hata wao kujua. Na wapo akina sisi, ambao taya liligawa nafasi likaishiwa kabla ya kufika kwa mgeni wa mwisho.

Maumivu yake si ya aina moja, na hapo ndipo watu huchanganya tiba. Aina ya kwanza ni jino linalosukuma ufizi kutoka: uzito fulani nyuma ya taya, unakuja siku mbili tatu unaondoka, mdomo unafunguka vizuri, hakuna harufu. Aina ya pili ni jino lililotoka nusu, likabaki na kipande cha ufizi juu yake kama kifuniko cha sufuria. Chakula kinaingia chini ya kifuniko, mswaki haufiki, bakteria wanazaliana, ufizi unavimba. Dalili zake ni ladha mbaya mdomoni, kumeza kwa tabu na taya linalokaza. Jipime: simamisha vidole vyako vitatu kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Visipoingia ilhali kawaida huingia, misuli ya taya imeshaguswa na uvimbe.

Aina ya tatu inajificha humo humo: jino limetoboka, liwe lenyewe au gego la jirani yake ambalo limeegemewa kwa muda mrefu. Hilo hushtuka kwa maji baridi au chai ya moto, na hupiga kama moyo usiku ukilala. Ukiwa na hilo, nusu ya ushauri ulio hapa chini haukuhusu. Unahitaji kiti cha daktari wa meno, basi.

Vipimo nitakavyotumia

Kila njia nitaipima kwa mambo matano: nafuu inakuja upesi kiasi gani, je, inagusa chanzo au inakifunika, inagharimu nini ukihesabu na nauli na siku ya kazi, hatari yake, na inamfaa nani. Bei sitaji, kwa sababu ya hospitali ya serikali na ya kliniki binafsi haziko karibu hata kidogo. Uliza dirishani kabla hujakaa kwenye kiti, na kama una kadi ya bima ya afya ya NHIF uliza pia inagharamia nini katika hicho unachotaka kufanyiwa.

1. Chumvi, karafuu na barafu

Nafuu: Ya haraka lakini fupi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua taratibu upande unaouma, tema, rudia mara tatu nne kwa siku na kila baada ya kula. (Maji yetu ya bomba Dodoma yana chumvi yake tayari, wageni wanalalamika kila siku, lakini haitoshi kwa kazi hii.) Barafu nayo hufaa zaidi ya watu wanavyodhani: mfuko mmoja wa maji yaliyoganda, uzungushie kanga, ushike shavuni kwa dakika 15, upumzike, urudie. Usiweke kitu cha moto shavuni palipovimba.

Karafuu ina heshima yake. Kilicho ndani yake, yujenoli, ndicho madaktari wa meno huchanganya kwenye baadhi ya dawa zao za kuziba kwa muda, na ndiyo maana vyumba vyao vingine vinanukia pilau. Soko la Majengo utapata za punje kwa vipakiti. Lakini kutafuna punje ngumu kwa ufizi uliovimba ni kujitesa. Bora mafuta yake, tone moja kwenye pamba, ugusishe na kuondoa. Ukiyamimina yanaunguza.

Chanzo: Chumvi inakigusa kidogo, kwa kuwa inasafisha kinachofikika. Karafuu na barafu hazikigusi.

Gharama na muda: Ndogo kuliko zote, na unaweza kuanza saa nane usiku.

Hatari: Ukizitumia hivyo, hazina. Hatari ni wewe kuendelea kusukutua wiki ya pili huku shavu linakua. Na yale mengine ya mitaani, ugoro kwenye jino au aspirini kusagwa na kupakwa kwenye ufizi, yaache kabisa. Aspirini iliyowekwa pale inachoma ngozi ya ndani ya mdomo na kukuachia kidonda cheupe juu ya maumivu uliyokuwa nayo.

Inamfaa nani: Mwenye maumivu ya aina ya kwanza. Pia mwenye aina ya pili anayesubiri kupambazuke aende hospitali.

2. Vidonge vya duka la dawa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko wengi wetu tunakoanzia na tunakokosea.

Nafuu: Nzuri, ndani ya nusu saa hadi saa moja. Kwa maumivu ya jino, ibuprofen (ile tunayoiita brufeni) kwa kawaida hushinda paracetamol ikiwa peke yake, kwa sababu inashusha na uvimbe. Zikitumika pamoja kwa kipimo sahihi hufanya kazi vizuri kuliko moja tu. Mtu mzima: ibuprofen miligramu 400 kila baada ya saa 6 hadi 8, baada ya kula, isizidi miligramu 1,200 kwa siku bila daktari. Paracetamol miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa 6, visizidi vinane kwa saa 24.

Mtego uko kwenye vidonge vya mchanganyiko. Dawa nyingi za maumivu zinazouzwa huku zina paracetamol ndani pamoja na diklofenaki au ibuprofen, na za mafua nazo zina paracetamol. Ukichanganya ya mchanganyiko, Panadol (ambayo ni paracetamol hiyo hiyo) na ya mafua siku moja, unaweza kuvuka kipimo bila kujua, na ini halisemi siku hiyo hiyo. Soma nyuma ya karatasi. Diklofenaki na ibuprofen ni ndugu wa familia moja, kwa hiyo chagua moja.

Sasa vile vya rangi mbili. Vidonge vya kuua bakteria havitulizi maumivu ya jino. Vina kazi pale maambukizi yanapoanza kusambaa: homa, tezi za shingo kuvimba, taya kukaza. Na hata hapo vinasaidia kusafishwa, havichukui nafasi yake. Alichopewa binti yetu ni amoxicillin iliyobaki kwa mwenzake, vidonge vinne tu. Vidonge vinne havitibu kitu. Vinawafundisha bakteria namna ya kukwepa. Kama daktari amekuandikia metronidazole, wengine huiita flajili, maliza dozi na usiiguse na pombe hata ya kuonja.

Chanzo: Havikigusi. Uvimbe unashuka, kifuniko cha ufizi kiko pale pale, na chakula kilichonasa kiko pale pale. Ndiyo maana maumivu hurudi mwezi ujao.

Gharama na muda: Kila mtaa una duka la dawa, kuanzia Nkuhungu hadi Ihumwa. Hukosi kazi.

Hatari: Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamshwa na dawa za aina hii, asimeze ibuprofen wala diklofenaki bila kuuliza. Mjamzito aiepuke ibuprofen, hasa kuanzia wiki ya 20. Kwake paracetamol ndiyo ya kuanzia. Mtoto wa chini ya miaka 16 asipewe aspirini.

Inamfaa nani: Anayehitaji kuvuka usiku, safari au siku ya mtihani. Ikipita siku ya tatu bado unameza, hujachagua tiba. Umeahirisha.

3. Kusafishwa na daktari wa meno, kisha kusubiri

Njia hii watu hawaijui. Wengi tunadhani ukienda kwa daktari wa meno lazima urudi na pengo, kwa hiyo hatuendi.

Mara yangu ya kwanza nilifika taya limekaza, kidole kimoja na nusu tu ndicho kilichoingia. Daktari akachukua bomba la sindano lenye ncha butu iliyopinda, akaijaza maji ya dawa, akaiingiza taratibu chini ya kile kipande cha ufizi na kusukuma. Ilichoma, sitadanganya. Akarudia mara nne, tano. Kisha akanigeuzia trei: uzi wa nyama, na kipande chekundu chembamba, duara kama ukucha wa mtoto. Ganda la karanga.

"Hili limekaa humu siku ngapi, dada?"

Nikahesabu. Karanga nilikula Jumamosi, tukitoka Kibaigwa kwenye basi. Ile ilikuwa Alhamisi.

Nafuu: Haikuwa ya papo hapo. Jioni ile niliumwa kuliko asubuhi. Kesho yake nikafungua mdomo vidole viwili, siku ya tatu nikala ugali.

Chanzo: Inakigusa, ila haikiondoi. Jino likiwa linaelekea kutoka lote, kifuniko kitajivuta chenyewe na habari inaisha. Likiwa limelala, chakula kitaingia tena. Kuna jambo jingine daktari anaweza kukuonyesha hapa: wakati mwingine jino la juu ndilo linalong'ata ufizi uliovimba wa chini kila ukifunga mdomo. Likisagwa kidogo au kung'olewa hilo la juu, ambalo kwa kawaida ni rahisi, la chini linapata kupumua.

Gharama na muda: Nusu siku ukiwa mjini. Kwa anayetoka Mpwapwa au Kondoa ni siku nzima na nauli, kwa hiyo kwanza uliza hospitali ya wilaya yako. Nyingi zina huduma ya kinywa na meno, na kusafisha hakuhitaji mitambo mikubwa.

Hatari: Ndogo. Kubwa zaidi ni kusahau. Ukirudi nyumbani unapewa kazi: mswaki mdogo ufike nyuma kabisa hata kama panatoka damu kidogo, maji ya chumvi baada ya kula, na pengine dawa ya kusukutua yenye klorheksidini kwa siku chache.

Inamfaa nani: Anayeumwa mara ya kwanza, jino limetoka nusu. Uingereza, mwaka 2000, taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, ilielekeza kwamba meno ya mwisho yasiyo na ugonjwa yasing'olewe kwa tahadhari tu. Ufizi ukivimba mara moja, bila ukali wa pekee, haikuwa sababu ya upasuaji. Kuanzia mara ya pili ndipo kung'oa kulianza kuwa na hoja. Mimi kipimo hicho nakipenda kwa sababu mtu anaweza kukihesabu mwenyewe nyumbani.

4. Kung'oa

Nafuu: Ya kudumu, lakini kuna bonde la kuvuka kwanza. Siku mbili tatu za uvimbe na maumivu ni za kawaida, hasa kwa la chini.

Chanzo: Umekiondoa.

Gharama na muda: Hapa tofauti ni kubwa. La juu lililosimama vizuri linaweza kutoka kwa dakika chache baada ya sindano ya ganzi. La chini lililolala ni upasuaji mdogo: ufizi unapasuliwa, mfupa kidogo unaondolewa, jino pengine linakatwa vipande, halafu nyuzi. Hilo linahitaji picha ya eksirei ionyeshe mizizi iko wapi, kwa sababu ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu wa mdomo na kidevu. Ukikaribiana sana na mizizi, daktari wa kawaida anaweza kukupeleka kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Kwa sisi wa kanda ya kati, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Benjamin Mkapa ndizo watu huelekezwa kabla ya kufikiria Muhimbili. Panga ED, yaani ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini, ya siku mbili tatu.

Hatari: Ganzi ya mdomo au ulimi inayobaki wiki kadhaa, mara chache zaidi ya hapo. Maambukizi. Na shimo kukauka, ambalo nalijua kwa jina lake la utani: adhabu.

Langu la pili lilitolewa kwenye kliniki moja binafsi. Maelekezo nilipewa mlangoni, haraka haraka, nusu ya uso umekufa ganzi, nikaitikia tu. Usiku nikasikia ladha ya damu, nikakimbilia maji ya chumvi na kusukutua kwa nguvu zangu zote. Siku ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu maumivu yakapanda hadi sikioni. Donge la damu linalofunika mfupa nilikuwa nimelitema. Nikarudi wakaniosha na kunijazia dawa yenye harufu ya karafuu, ndani ya saa moja nikawa mtu tena.

Basi: uma shashi kwa nusu saa, usisukutue kabisa kwa saa 24 za kwanza, usivute sigara, usinywe soda kwa mrija. Chumvi inaanza siku ya pili, taratibu. Chakula kiwe laini na kilichopoa. Hapa Wagogo wametuwahi kitambo: mlenda na ugali mlaini unashuka bila kuulizwa na jino. Bisi na karanga uzisahau wiki mbili.

Inamfaa nani: Ambaye ufizi umeshavimba mara mbili au zaidi, jino limetoboka, au linalila gego la jirani. Kwa kijana wa miaka ishirini na kitu kidonda kwa kawaida hupona kwa urahisi kuliko kwa mtu wa arobaini, kwa hiyo kama picha inaonyesha limelala na linasumbua, kuahirisha miaka kumi si faida. Usishangae daktari akikataa kung'oa siku ile ile umevimba. Ganzi haishiki vizuri penye maambukizi, na wengi hupenda kutuliza kwanza.

Wewe uko wapi?

Kama unavimba chini ya taya au shingoni, unashindwa kumeza mate, ulimi unanyanyuka, pumzi nzito au homa kali, acha kulinganisha. Nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu, hata iwe saa tisa usiku. Uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.

Uzito unaokuja na kuondoka, mdomo unafunguka: chumvi, mswaki wa uhakika, brufeni ukihitaji. Upate nafasi ukaonwe mwezi huu, si lazima leo.

Ufizi umevimba mara ya kwanza: kasafishwe. Vidonge viwe vya kukufikisha huko.

Mara ya pili au ya tatu: omba picha, na muulize daktari maswali mawili, "Limesimama au limelala?" na "Mizizi iko umbali gani na mshipa?" Majibu hayo ndiyo yatakayoamua kama ni kung'oa, na kung'oa wapi.

Unaishi mbali, mvua imeanza na shamba linakusubiri: usafishwe wilayani, upange kung'oa baada ya mavuno ukiwa na siku za kupumzika. Jino likitibuka kabla ya hapo, mpango umevunjika, njoo.

Mjamzito: sema mapema. Kusafishwa kunawezekana, na miezi ya katikati ndiyo mizuri zaidi kwa kazi ya meno. Kung'oa kusiko kwa dharura kwa kawaida husubiri ujifungue.

Una kisukari, kinga yako iko chini, au unameza dawa za kuzuia damu kuganda: usikae na uvimbe hata siku mbili, na dawa hizo usiziache mwenyewe. Mwambie daktari kabla hajagusa koleo.

Una mtihani ndani ya wiki mbili: usiruhusu upasuaji usio wa lazima. Safishwa, tuliza, fanya mtihani.

Hilo la mwisho ndilo lililomhusu binti yetu, maana nilipokuja kumuuliza maswali asubuhi ilikuwa mara yake ya kwanza, vidole viwili viliingia, na mitihani ilikuwa Jumatatu. Alisafishwa Alhamisi. Picha atapiga akimaliza karatasi ya mwisho, na ameniomba nimsindikize, kwa sharti kwamba safari hii maelekezo ya mlangoni nitayasikiliza mimi.